Baiskeli Iliyopimwa kwa Suruali ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kasema nijiandae. Hakusema kwa lipi. Alitazama karatasi yake, akatazama dirisha, akasema moyo wangu umechoka na mzee wa umri wangu hufanya vyema akiweka mambo yake sawa. Umechoka! Bila shaka umechoka. Umechoshwa na watu.

Basi nimeamua kuandika maungamo yangu kabla sijafumba macho. Nitaanza na makosa ya wengine kwa kuwa ndiyo mengi.

La kwanza ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mpima ardhi mstaafu. Mrefu kama mlingoti, na amepanga makusudi kuishi nyumba inayotazamana na karakana yangu ili aone kila kitu. Leo nilikuwa nimesimama mlangoni nawasimamia vijana wakikata mabomba. Akaegemea ukuta wa uani akauliza tunaunda nini. Nikamweleza kwa ustaarabu: baiskeli ya kulala. Magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mpandaji huketi amejiegemeza kama yumo kwenye kiti cha barazani, miguu kainyoosha mbele, na pedali ziko huko huko mbele. Mgongo haulalamiki. Akacheka. Akasema, “Shemeji, haraka ya kulala ya nini? Udongo upo, unakungoja.” Nikamjibu kwamba udongo utaanza na yeye maana wamejuana zaidi, kaupima maisha yake yote. Akacheka tena, kwa furaha kabisa. Sikukusudia acheke!

Jambo moja niliandike hapa ambapo hakuna atakayelisoma nikiwa hai. Nimefundisha hesabu miaka mingi, nimechora duara elfu ubaoni, na sijawahi kuendesha baiskeli. Hata mara moja. Mke wangu aliendesha. Mimi nilisema napenda kutembea. Ndiyo maana ya gurudumu la tatu.

Jumanne, 4 Machi

Uasi karakanani.

Karakana ni banda la gari nyuma ya nyumba, na gari lenyewe liliondoka zamani. Meza yangu, jiliwa langu la kubania vyuma, tupa zangu. Vijana wa mtaa huja kila siku na kujifanya ni vyao. Kiongozi wao ni Cheche, binti mwenye sauti ya tarumbeta na nywele zilizoungua upande mmoja, kwa kuwa anachomelea vyuma kama anayewasha moto wa kulipiza kisasi. Msaidizi wake ni Spoku, kijana mwembamba ambaye akisimama ubavu humwoni.

Nakiri kwamba Cheche ana kipaji. Simwambii. Aliacha shule mama yake alipougua, na alipomaliza kuomboleza madarasa yalikuwa yamempita. Chuo cha ufundi kilimkataa kwa kukosa cheti. Akaenda kusimama mlangoni kwa mkuu wa chuo mpaka mkuu mwenyewe akachoka kumkwepa. Mkuu akamwambia: niletee kitu kilichotoka mikononi mwako. Siku ya maonyesho ya ufundi kizunguke uwanja wa shule, kikiendeshwa, si kusukumwa. Kikizunguka, una nafasi darasani. Kisipozunguka, usinisimamie mlangoni tena. Maonyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Kwa hiyo tunaunda kwa ajili yake. Vizuri. Lakini leo akataka bomba la mbele liwe la kuteleza, bomba ndani ya bomba na boliti ya kukaza, ili pedali zisogezwe kumfaa kila mtu. Nikakataa. Fremu iliyopimwa sawasawa haina sababu ya kuteleza! Bomba la kuteleza ni kukiri mbele za watu kwamba hukujua unachofanya. Akasema, “Babu, watu hawalingani.” Nikamwambia hesabu hazina watu.

Halafu wakapiga kura nani aendeshe siku hiyo. Spoku. Kwa kunyoosha mikono, bila kuniuliza! Mimi niliunyoosha wangu ili kupinga. Wakauhesabu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetumia mtaji wangu uliobaki. Wasia wa mzee haukatalwi.

Nilivuta pazia, nikajilaza chali, shuka mpaka kidevuni, nikatuma waitwe Cheche, Spoku na wenzao. Sauti niliifanyia mazoezi tangu asubuhi: nyembamba, yenye mapengo. Nikawaambia mwanga unafifia. Nikawaambia sitaki kaburi la marumaru wala hotuba. Nina neno moja tu la mwisho: niizunguke ile baiskeli, yaani nizunguke nayo uwanja, mara moja, mbele za watu, kisha niende zangu.

Spoku alilia machozi ya kweli. Akajifuta kwa kitambaa cha grisi, akaondoka na masharubu. Cheche hakulia. Alikuwa anatazama mwisho wa kitanda ambako shuka liliishia mapema. Akaniuliza kama ni desturi kukata roho na viatu vimefungwa kamba. Nikamwambia daktari kasema nijiandae.

Wakakubali. Spoku akasema nafasi yake ni yangu, Babu, chukua, na mwingine akanibusu mkono. Niliguswa. Nilikuwa karibu kuamini mwenyewe.

Mara binti yangu akaingia na dawa. Ni binti yangu wa pekee, fundi cherehani, na hana subira na sanaa. Akanishika kipaji cha uso, akawatazama wale walioinamisha vichwa, akasema, “Baba ni mzima kama kigongo. Nani kati yenu kakanyaga zulia langu na grisi?” Hapo wote wakatoroka.

Lakini wasia ulikwisha kutoka. Neno likitoka halirudi.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna sheria karakanani na, bahati mbaya, niliitunga mwenyewe. Anayetaka kuundiwa baiskeli huketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu kanyoosha mbele. Mwenzake huchora mstari wa chaki kwenye kisigino. Kutoka ukutani hadi mstari, ndio urefu kutoka kiti hadi pedali. Sakafu yote ina mistari na majina, kama uwanja wa mchezo ambao wenyewe wamekufa.

Leo Cheche akapangusa sehemu kwa fagio, akasema, “Karibu, Babu. Zamu yako.”

Kushuka naweza. Dunia yenyewe husaidia. Kuinuka je? Wiki mbili zilizopita niliinama kuokota kalamu nikabaki huko chini nikisoma gazeti la zamani mpaka binti yangu aliporudi sokoni. Sasa niketi mbele ya vijana wote hawa, halafu wanibebe kama gunia? Hili silikiri. Nalieleza tu.

Nikasema mtu wa elimu hapimwi kwa kukalishwa chini kama mtoto wa kliniki. Nikasema nina kipimo changu rasmi. Nikaenda kabatini, nikatoa suruali ya suti yangu ya harusi. Kitambaa kizito, mstari wa pasi bado unakata. Ilishonwa na fundi bora kuliko wote wa wakati ule, kwa ajili ya mguu huu huu. Pimeni hapo!

Cheche akailaza sakafuni, kiuno ukutani, akachora mstari penye pindo. Akautazama mstari kwa muda. Akanitazama mimi, kuanzia kichwani hadi chini, safari ambayo haikumchukua muda. Kisha akaketi yeye juu ya suruali yangu, mgongo ukutani, eti aone kitambaa kimelala vipi. Akainuka. Akasema kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, “Sawa, Babu. Umeshinda. Bomba la kuteleza hatuweki. Tunachomelea moja kwa moja.”

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima! Sehemu ya kwanza peke yake ingemliza. Nimeshinda na ninajisikia nimeibiwa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ameiona suruali.

Niliisahau juu ya meza ya kazi. Akaja kuazima bisibisi, kama kawaida yake, bisibisi ambayo hairudi. Akaiinua kwa vidole viwili. Akaanza kucheka polepole, kama gari linalowashwa asubuhi, hatimaye akalazimika kushikilia jiliwa. “Shemeji! Suruali ya raizoni!”

Naomba historia inielewe. Zama zile vijana wote walivaa raizoni, viatu vya soli nene kama tofali. Ilikuwa mitindo! Kwamba yangu niliipeleka kwa fundi viatu aiongezee soli nyingine chini ni jambo kati yangu na fundi viatu. Bibi harusi alikuwa mrefu. Mtaa mzima walimwita Twiga, naye aliitika. Ningesimamaje pembeni yake kwenye picha? Fundi nguo akashona suruali ndefu ya kufunika soli zote, na Shemeji, msimamizi wangu, akanishika mkono siku nzima nisipinduke. Watu wakasema tazama walivyopendana wale mashemeji.

Leo akasema kwamba robo ya mguu ule ni mbao. Akauliza kama vijana wanajua wanamtengenezea baiskeli fundi viatu.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Hakuna tatizo. Fundi nguo yule alikuwa mchoyo wa kitambaa, kila mtu alimjua. Kwa vyovyote alipunja. Kilichoongezwa na soli kilipunguzwa na uchoyo. Hesabu zimelingana.

Hata hivyo ilibidi ninunue kimya cha Shemeji. Alitaka mambo mawili. Kwanza, yeye ndiye apulize filimbi ya kuanza. Pili, baiskeli iitwe Twiga. Nilikuwa nimekwisha kuchagua jina hilo! Tangu bomba la kwanza! Sikumwambia mtu, nilikuwa nangoja rangi ikauke niliandike mwenyewe. Sasa itaonekana ni wazo lake. Alipoliomba alikuwa hacheki tena. Alisema dada yake angeipenda. Nikamwambia bisibisi airudishe.

Jumatano, 12 Machi

Twiga amesimama kwa magurudumu yake. Fremu nyekundu. Kiti ni kile kiti cha plastiki cha barazani, kimekatwa miguu. Usukani ni vyuma viwili kando ya mapaja, na breki iko kwenye chuma cha kulia. Ni mzuri mpaka nikakohoa.

Mnyororo ni mrefu ajabu kwa sababu pedali ziko mbele na gurudumu la kuendesha liko nyuma. Tuliunga minyororo mitatu. Nikasema hiyo kazi ni yangu, wakae mbali. Kwa macho yangu mnyororo ulionekana kulegea, nikaupitisha kwa kuukatisha katikati kama namba nane. Umbo la kupendeza. Tukaining'iniza baiskeli nyuma kwa kamba, Spoku akazungusha pedali mbele. Gurudumu likakaa kimya kama limesusa. Akazungusha kinyumenyume. Likaenda mbele kwa kasi!

Kicheko. Nikawaambia nyamazeni, nimekusudia. Kupiga pedali kinyume kunajenga misuli iliyosahaulika. Cheche akasema, “Babu, na ukitaka kurudi nyumbani unapiga kwa masikio?” Akaufungua mnyororo, akaunyoosha. Hakuna aliyeniuliza ruhusa.

Nikataka nipande nijaribu. Hapana, kasema Cheche, rangi haijakauka. Nikagusa: imekauka. Basi boliti hazijakazwa. Nikazikaza. Basi kiti kinahitaji gundi, na gundi inahitaji kulala. Kila nikisogea, kuna sababu. Nakumbuka wanafunzi waliokuwa na sababu nyingi namna hii. Wote walikuwa wanaficha kitu. Lakini huyu ana nini cha kuficha? Nimeamua ni heshima. Anataka mara yangu ya kwanza iwe mbele ya watu.

Ijumaa, 14 Machi

Binti yangu kakataa katakata. Mtu mwenye moyo kama wangu hapandi chochote chenye magurudumu isipokuwa anabebwa.

Nikaenda kitandani. Nikavuta pazia. Nikamwita kwa ile sauti. Nikaanza: mwanangu, mwanga unafifia. Akauliza, bila kuacha kukunja nguo, “Baba, wasia huu ni wa ngapi?” Akaanza kuhesabu. Wasia wa redio kuwekwa chumbani kwangu. Wasia wa kubadilishiwa mto. Wasia wa Shemeji kunyimwa ufunguo wa geti. Kumbe anaweka kumbukumbu! Katika nyumba yangu!

Nikakasirika, nikaketi, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida. Hiyo haikuwa katika mpango. Nikasema, “Mama yako alikuwa akipita barabara ile na baiskeli yake, mimi natembea nyuma yake nawaambia watu napenda kutembea. Sikupenda. Sikupenda hata siku moja.”

Akaacha kukunja. Alibaki na shati langu mkononi. Kisha akasema Mama alijua. Alikuwa akienda polepole makusudi.

Polepole! Mimi nilidhani minyororo ya zamani ilikuwa mizito.

Binti yangu kakubali, kwa sharti la kofia ngumu na yeye kukaa pembeni na dawa mkononi. Nimemwambia huo ulikuwa wasia wangu bora kuliko wote. Akanirushia shati.

Jumamosi, 15 Machi

Fedheha. Ushindi. Fedheha. Naandika kwa mpangilio.

Uwanja ulijaa. Mkuu wa chuo, mama mfupi mwenye miwani, alikaa kwenye kiti cha mbele akiwa amekunja mikono kama aliyekuja kukataa. Vijana wakaniketisha kwenye Twiga, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile. Kofia ikanifunika nyusi. Nilikuwa nimeandaa maneno machache juu ya elimu na mwendo. Cheche alisimama karibu na gurudumu la mbele, meno yameuma mdomo. Nilidhani ni heshima.

Nikanyoosha miguu. Pedali hazikuwepo.

Zilikuwepo. Zilikuwa mbele kidogo, mahali ambapo mguu wa mwenye suruali ungefika. Nikazigusa kwa ncha za vidole, kama anayepima maji ya kuoga. Nikateleza kwenye kiti mpaka kofia ikakutana na kifua. Sasa vidole vilifika na macho hayakuona. Nikamwita Cheche. Akainama haraka, akafungua mdomo kusema kitu.

Filimbi! Shemeji hakungoja ishara. Hajawahi kungoja ishara maisha yake. Watu wakashangilia, na mpumbavu mmoja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye nikimjua nitamuungama hapa kwa jina, akanisukuma kwa wema.

Uwanja ule una mteremko. Twiga akaondoka. Miguu yangu ilikuwa hewani ikipiga pedali ambazo hazikuwa chini yake. Nikaona kivuli changu kikikimbia pembeni, kimelala, kirefu kuliko nilivyowahi kuwa. Nakiri: nilipiga kelele, na haikuwa ya woga. Watu walinipungia, nami nikawapungia kwa mkono wa kulia, ambao ndio wa breki. Nikaliona goli. Nikaingia golini, katikati kabisa, mpaka wavu ukanikumbatia.

Shemeji akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Bao! Uwanja mzima ukalipuka.

Binti yangu akafika na dawa. Nilikuwa mzima, nimefungwa kama samaki. Mkuu wa chuo akaja kwa miguu, hakuharakisha. Akatazama wavu, akanitazama mimi, akamwambia Cheche: hiki hakikuzunguka. Kimeporomoka. Hata jiwe huporomoka. Akageuka kuondoka.

Nilimwona uso Cheche. Nimewahi kuona nyuso za watoto wakisoma matokeo ubaoni. Uso ule naujua. Nikataka kusema kosa ni... Neno lilikwama kwenye wavu.

Lakini Cheche hakungoja niseme. Alinivuta nje kwa kola, mimi, mzee wa watu, akaniacha juu ya nyasi kama kifurushi, akamgeuza Twiga, akaketi. Visigino vyake vikatua kwenye pedali kama kifuniko na chungu chake. Sawasawa. Si zaidi wala si pungufu. Akaanza kupiga. Akapanda mteremko ule, akapita mbele ya mama yule wa miwani aliyekuwa bado anaondoka, akakata kona ya mbali amelala kama malkia kitandani, akazunguka, akarudi, akapita tena. Nywele zilizoungua zinapepea upande mmoja. Alikuwa anacheka kwa sauti ya tarumbeta, uwanja wote ulimsikia.

Mkuu wa chuo akasimama. Akaikagua fremu kwa mikono yake, kiungo kwa kiungo. Akasema Cheche anaanza darasa Jumatatu ya tarehe 24, na aje na nywele zimefungwa. Kisha akauliza nani alipima fremu hii, maana imemkaa kama nguo.

Wote wakanitazama pale nyasini. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba ni mimi.

Na Shemeji, ambaye nilikwisha kumlipa, akapaza sauti, “Kwa suruali ya raizoni!” Akasimulia yote. Soli ya kwanza. Soli ya pili. Alivyonishika mkono nisipinduke. Alionyesha kwa mwendo. Mkuu wa chuo alivua miwani akafuta macho. Walimu wenzangu wa zamani walikuwepo! Muuza barafu aliacha barafu yake iyeyuke!

Msaliti.

Jumatatu, 17 Machi

Moyo umenipiga mbio usiku na mchana, daktari kasema nilale. Nimelala. Nimechoka kulala. Mchana huu nikatoka kwenda karakanani kwa fimbo, nikawakuta Cheche na Spoku wamepangusa sakafu. Wanataka kuniundia ya kwangu. Wameshapata mabomba.

Nikauliza kwa ukali: ulijua tangu lini? Cheche hata hakuona haya. Akasema tangu siku ya suruali. Aliona mstari haunihusu, akaketi, ukawa wake. Hakuniambia. Alipanga pale uwanjani, mimi nikishindwa kufika pedali kabla sijaondoka, aseme basi Babu, nikusaidie kidogo. Filimbi ndiyo iliyomharibia. Akaongeza, “Ungenipa wewe niendeshe, Babu? Au ningesubiri wasia?”

Nimeshangazwa mno. Binti mdogo anamzunguka mzee mgonjwa, anatumia udhaifu wake kupata anachotaka! Watoto wa siku hizi wanajifunza wapi mambo haya?

Akasema, “Haya, Babu, keti. Safari hii hatupimi nguo.”

Nikasema nitaketi kesho. Shemeji, aliyekuwa mlangoni na bisibisi yangu (amerudisha!), akasema anaogopa kushuka huyu. Akaja, akaniegemeza ukutani, akashuka nami taratibu, magoti yake yakilia kama mlango, mpaka sote tukawa chini. Ndipo akagundua na yeye hawezi kuinuka. Tulikaa pale wazee wawili, miguu mbele, mgongo ukutani, tukiwatazama vijana. Cheche akachora mstari wa Shemeji kwanza. Ulikuwa mbali. Ni ukoo wao. Kisha akachora wangu.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mstari ulikuwa karibu sana, karibu na ukuta kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kuwa. Shemeji akautazama, akasema polepole kwamba dada yake alikuwa akienda na baiskeli ile kama anaitembeza. Nikamwambia najua, nimeambiwa. Wakatuinua, mmoja mmoja, kama magunia. Kama nilivyosema.

Sasa wameondoka. Cheche ameenda kufunga nywele. Nimekaa na mstari ule, na nimeupa nafasi ya kujieleza. Umeshindwa. Ni dhahiri nilikuwa nimejikunja. Hewa ni ya baridi, magoti hayakunyooka. Mtu akiwa ametoka kitandani hapimwi siku hiyo hiyo. Binti huyu ana kipaji lakini ana haraka.

Nimefunga kipande cha chaki kwenye ncha ya fimbo kwa uzi wa cherehani. Nimekifuta kile kistari kwa soli ya kiatu, nimesimama wima bila msaada wa mtu yeyote, nimechora kingine mahali panapostahili. Kimepita kidogo kile cha Shemeji.

Wanaanza kuchomelea kesho. Wakikosea vipimo safari hii, sitawasamehe.